Shingo ya Kafi

Mwaka 1980, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilianza kuteseka kwa ajili ya gitaa la mtu mwingine. Njaa nilishaizoea, kulala juu ya maranda nilishazoea, kuamrishwa ndiyo usiseme. Lakini wivu ulikuwa mgeni kwangu, na ulipoingia haukutoka. Mwezi uliopita tulimzika Ambakisye pale Ndandalo, na mimi nilisimama kando ya kaburi nikiwa bado namwonea wivu. Watu walilia sana. Mimi nilikuwa naangalia wingi wao, najiuliza kama wa kwangu watafika nusu. Siwezi kudanganya kwenye maneno yangu mwenyewe.

Ambakisye alikuwa mpiga besi wa Nyota ya Itungi, bendi iliyokuwa inapiga dansi Kyela mjini kila Jumamosi, na kule bandari ya Itungi meli ikiingia. Mjomba wake alifanya kazi migodini Afrika Kusini, akarudi kupitia Malawi na gitaa la besi la Kimarekani, lililotengenezwa miaka ya sitini. Nililiona mara ya kwanza likiwa limelazwa kwenye meza ya karakana yetu, nikaacha randa. Katikati lilikuwa rangi ya asali, pembeni likaiva mpaka likawa jeusi, kama andazi lililokaa kwenye mafuta kupita kiasi. Mimi nilikuwa kibarua wa Fundi Anyingisye, fundi wa vitanda na majeneza nyuma ya soko. Nilikuwa natengeneza masanduku ya spika ya bendi na kuyabeba, kwa hiyo kila Jumamosi nilisimama nyuma ya Ambakisye nikiangalia mkono wake wa kushoto. Kwenye benchi nilifunga mishipi minne ya kuvulia samaki, nikajifunza hapo. Nyimbo zote nilizijua. Nikila, vidole vilikuwa vinatembea kwenye ukingo wa sahani. Ambakisye aliniona siku moja, akacheka, akaacha kuniita Lusajo, akaniita Maranda. Jina hilo ndilo watu wa Kyela wanaloniita hadi leo, wengi hawajui lilitoka wapi.

Mwaka ule madukani hakukuwa na kitu. Sabuni ilikuwa na foleni, sukari ilikuwa na foleni, lakini nyuzi za besi hata foleni yake haikuwepo. Nyuzi zake zilipokufa sauti, Ambakisye alizichemsha, maana zikichemshwa uchafu na jasho hutoka, zinalia upya kidogo. Alizichemshia kwenye sufuria yetu ya ndizi bila kuomba ruhusa. Siku mbili ndizi zetu za mbalaga zilikuwa na ladha ya misumari. Fundi alitafuna, akameza, akasema, "Gwe Ambakisye, leo tumekula muziki. Kesho utulishe na spika." Zilipokatika kabisa, akafunga waya za breki za baiskeli. Waya wa breki hauna huruma. Ulivuta shingo ya gitaa wiki hadi wiki, mpaka ikapinda kama upinde, nyuzi zikasimama juu sana hata kidole hakizifikii. Ndipo akalileta kwetu.

Fundi aliliangalia akasema yeye ni mtu wa vitanda. Mimi nikasema nitaliweza. Ambakisye akanigeukia. Alikuwa amevaa suruali ya bugaluu na viatu vya kisigino, mimi nilikuwa na kaptula iliyofungwa kwa kamba ya katani. "Maranda, ukiinyoosha hii shingo, Jumamosi nakuachia wimbo mmoja. Mmoja tu, ule wa mwanzo, watu wakiwa bado wanatafuta viti." Nikamwambia apeane mkono na mimi mbele ya Fundi. Akacheka, lakini akanipa.

Nilifanya kama nilivyojua mimi, kwa kitambaa kibichi na pasi ya mkaa. Gundi ikalegea. Ule ubao mweusi wa juu, wenye vile vyuma ambapo vidole hukanyaga, ukatoka mzima mkononi mwangu kama ngozi ya ndizi. Shingo yenyewe ikapinda zaidi. Ndani yake mlikuwa na fimbo ya chuma, nilijaribu kuigeuza, ikakatika kwa kutu. Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimeua gitaa pekee la besi kutoka Kyela hadi sijui wapi, na zilibaki siku nne. Ningechonga shingo mpya, lakini mbao zote za karakana zilikuwa mbichi, zimeletwa juzi kutoka msituni. Mbao mbichi zingepinda kabla dansi halijaisha.

Niliazima baiskeli ya Fundi nikaenda Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimekumbuka mitumbwi. Kafi la mtumbwi linalowa asubuhi na kukauka mchana miaka na miaka, na halipindi, likipinda mwenyewe hafiki. Nikazunguka soko lote pale ufukweni. Kwa mama mmoja wa Kikisi, mfinyanzi, nikaliona kafi kubwa la kuongozea, mpini umevunjika, bapa lake bado nene, pana, limepauka kama mfupa. Alikuwa amelifanya ubao wa kupanga vyungu.

"Mama, naomba hilo kafi."

"Hili bovu? La marehemu mume wangu? Unataka kwenda nalo wapi?"

"Nataka kutengeneza gitaa."

Alicheka mpaka akawaita wenzake. Wakaja wanne, akawaambia kwa Kikisi, wakacheka wote upya. "Haya chukua," akasema, "lakini ukizama usinitaje." Kwa malipo alinibebesha vyungu kutoka kwenye mitumbwi mpaka jua likawa utosini. Nilimuuliza ule ulikuwa mti gani. Akasema mumewe ndiye aliyejua. Basi mpaka leo sijui.

Siku tatu sikulala zaidi ya saa mbili mbili. Nilichonga kwa kisu na kipande cha chupa. Ubao mweusi wenye vyuma vyake, uliobanduka kwenye ile ya zamani, niliugandisha juu ya kafi, vigingi vya kukazia nyuzi nikavihamisha. Mgongo niliupaka maji ya majani ya chai mara tano, ukafanana rangi. Jina la kiwanda lilikuwa limeshafutika kwa jasho, hilo lilinisaidia. Kichwani shingo ya zamani ilikuwa na alama ya kuungua, mahali Ambakisye alipopenda kuchomeka sigara akipiga. Nikapasha msumari moto nikaichoma ya kwangu mahali pale pale. Ndani, pale inapokaa kwenye tumbo la gitaa, nikaweka kwa penseli alama yangu ya fundi, msalaba na vistari viwili, kwa sababu jina langu kamili lilikuwa refu kuliko darasa langu la nne. Na jambo moja nililifanya bila kuwaza: unene wa shingo niliupima kwa kiganja changu. Sikuwa na kingine cha kupimia.

Nilikusudia kumwambia. Naapa. Nilitaka apige kwanza, asifu, halafu nitoe ile mbovu chini ya godoro niseme, "Hiyo unayoisifu ni yangu." Jumamosi akaja na bendi nzima nyuma yake. Akalivaa gitaa kwa mkanda wake. Akapiga kidogo. Akaachia mikono yote miwili ili awashe kiberiti, akabaki ameshika njiti inawaka, analiangalia gitaa, mpaka ikamuunguza kidole. Kisha akawageukia wenzake akasema kwa sauti, "Mnaona? Mali ya Mmarekani haifi. Huyu Maranda kaipangusa vumbi tu."

Walicheka. Nikasema, "Na wimbo wangu?"

"Wimbo gani?"

"Tulipeana mkono mbele ya Fundi."

"Gwe Maranda, chunga masanduku."

Nikachunga masanduku. Nilikaa juu ya spika, nikamsikiliza anapiga kuliko alivyowahi kupiga. Mabaharia waliotoka Itungi walisimama kuzunguka jukwaa badala ya kucheza. Binti mmoja aliyekuja baadaye kuwa mke wake alikuwa mbele kabisa, lakini sikumwonea wivu kwa huyo. Nilimwonea wivu kwa kila noti. Kila alipopandisha mkono nilijua kiganja chake kinapita wapi, maana nilipitisha kipande cha chupa pale mara mia. Na ningesema nini? Ningesema ni yangu, wangeniuliza ya Mmarekani iko wapi. Iko chini ya godoro langu, imeharibika, nimeificha. Hapo mimi ni mwizi. Nikinyamaza, mimi ni mpangusa vumbi. Nilichagua vumbi.

Mvua kubwa zilipoanza akaitwa Mbeya, kisha Dar es Salaam. Mwaka ulipoisha, tukawa tunamsikia redioni. Fundi alikuwa na redio ya mbao aliyoiegemeza kwenye jeneza lolote lililokuwa halijachukuliwa. Siku moja wimbo ukaanza, besi ikatangulia peke yake, nzito, nikaitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha nduguye. Nikainuka nikazima. "Washa, gwe!" Fundi akafoka. "Huyo ni wa kwetu." Nikawasha. Nikarudi kwenye randa, nikaharibu mguu wa kitanda cha watu.

Hayo ndiyo niliyokaa nayo miaka arobaini na mitano. Nilijenga, nilioa, nilizaa, nilifungua karakana yangu, na bado mtu akiniambia "Ambakisye wetu" chakula kilikuwa kinabadilika ladha.

Sasa nirudi msibani. Siku ya tatu baada ya kuzika tulikuwa sebuleni kwa marehemu, wazee kwenye viti, akina mama kwenye mikeka, wali wa Kyela na samaki mbasa wa kukaushwa vinapita kwenye masinia. Ipyana, mtoto wake wa kwanza, naye ni mpiga besi, anaishi Dar, anasafiri nje. Alileta magitaa mawili mapya akayalaza juu ya kochi, kulia na kushoto kwa lile la baba yake. Akatueleza kuwa siku hizi viwanda vinatengeneza upya yale ya zamani, rangi ile ile, vyuma vile vile, umbo lile lile. Moja limetengenezwa kama lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani, linang'aa. La pili limechakazwa huko huko kiwandani: rangi imekwanguliwa, kingo zimechubuliwa, vyuma vimetiwa kutu kwa makusudi.

"Wamelichuna makusudi?" akauliza mzee mmoja, shemeji wa marehemu.

"Ndiyo, mjomba. Watu wanalipenda hivyo."

"Basi wanunue viatu vyangu."

Watu wakacheka, hata baadhi ya wafiwa. Mimi sikucheka. Nilikumbuka msumari wa moto. Ipyana akaniambia, "Baba mdogo, wewe ni mtu wa mbao. Hebu yashike, uniambie lipi linamkaribia la baba." Nikayashika. Nitasema nilichoona, na mwenye kiwanda asinikasirikie. Lile linalong'aa ni zito, limenyooka, kazi safi isiyo na kasoro, na sauti yake ni kali kama sahani mpya. Lile lililochakazwa ni jepesi kidogo, mgongo wa shingo umelainishwa vizuri, sauti imepoa, lakini kuchubuka kwake kuko mahali ambapo mkono haugusi. Aliyelichubua hakuwahi kupiga besi. Kama ningepewa moja, ningechukua linalong'aa, nilichakaze mwenyewe. Nikalivaa la kwanza, nikaachia mikono. Kichwa kikainama kuelekea sakafuni. Nikavaa la pili. Kikainama. Ipyana akavaa la baba yake, akaachia mikono. Likatulia sawa, kama ngalawa isiyo na mzigo.

"Umeona?" akasema, macho yamemjaa machozi. "Hiyo ndiyo siri. Nimeshika ya zamani mengi huko nje, yote yanainama. Hili la baba peke yake haliinami. Na shingo yake inavyokaa mkononi! Wazungu wa zamani walikuwa na mikono, baba mdogo."

"Mzungu wa zamani, bwana!" akasema yule shemeji. "Alikuwa hana haraka."

Chumba kizima kikawasifu Wamarekani. Nilikuwa nimemwonea wivu mtu mmoja maisha yangu yote, na sasa nikaanza kuwaonea wivu watu nisiowajua, waliokwisha kufa ng'ambo ya bahari. Bado ningevumilia. Lakini Ipyana akaongeza kuwa kuna fundi mmoja huko nje ameomba alipime gitaa hilo, aichore ile shingo, aanze kutengeneza za namna hiyo. Atauza kwa sifa ya kiwanda cha zamani. Yaani kafi la yule mama wa Lyulilo, unene wa kiganja changu, vitachongwa na mashine, na kila atakayeishika atasema ni ya Mmarekani. Nikaweka sahani chini. Nikaaga kwamba tumbo linasumbua.

Asubuhi yake nilirudi na kitu kimefungwa kwenye kanga ya mke wangu. "Mwagonile," nikawasalimu, wakaitikia. Nikafungua kanga juu ya mkeka. Ilikuwa ile shingo, imepinda, haina uso, kichwani ina alama ya sigara. Nikasema, "Ya Mmarekani ni hii. Hiyo mnayoilia nilichonga mimi mwaka wa themanini, kwa kafi. Niliivunja ya baba yako nikaificha. Nitukaneni sasa hivi, maana nimechoka."

Hakuna aliyenitukana. Ipyana aliangalia alama ya sigara kwenye kichwa kimoja, akaangalia kwenye kingine. Kisha akaleta bisibisi. Skrubu nne. Shingo ikatoka. Hakukuwa na chuma ndani yake. Kulikuwa na msalaba na vistari viwili, penseli imefifia lakini ipo.

Ndipo Mama Ipyana, mjane, akacheka. Alikuwa ameegemea ukuta, kitambaa cheupe kichwani, tangu msiba hajacheka. "Shemeji Maranda," akasema, "umechelewa. Alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua siku ile ile. Alipoachia mikono awashe sigara, kichwa hakikuinama. Jioni ile ile aliniambia, 'Yule mtoto amenipa shingo nyingine, na ni bora kuliko yangu.' Nikamwambia kamshukuru. Akasema, 'Nikimwambia najua, ataitaka. Akiitaka na mimi ni mtu wa haki itabidi nimpe. Halafu mimi nitapiga nini?'"

"Na wimbo wangu, shemeji? Wimbo mmoja tu."

"Huo ndio aliouogopa zaidi. Alikuwa anakuona unavyoangalia mkono wake. Alisema ukiishika ile shingo mara moja mbele ya watu, kazi yake imekwisha." Akajifuta macho, sijui kwa kicheko au kwa kilio. "Alikuwa na wivu na wewe, shemeji. Mpaka hospitali. Akisikia umejenga, umenunua mashine, ananuna. Anasema, 'Maranda ana kila kitu, na mkono pia anao.'"

Nitasema ukweli, sikufurahi. Nilitaka kumfukua nimgombeze. Miaka arobaini na mitano mimi nakula wivu wangu huku, yeye anakula wake kule, tungekaa siku moja kwenye chungu cha pombe ya kimpumu na mirija yetu miwili tukaumaliza. Alininyima neno moja. Na mimi nilimnyima shingo yake. Nilikaa pale nikiwa na hasira na maiti, mpaka nikagundua chumba kizima kinaniangalia mikono.

Ipyana akauliza kwa heshima nataka tufanyeje. Kila kitu kirudi kwa mwenyewe? Ile iliyopinda ikirudishwa, gitaa limekufa. Nikamwambia, "Funga hiyo ya kafi kama ilivyokuwa. Huyo fundi wako wa nje akitaka kuipima, aipime, lakini mwambie imetoka Lyulilo, na kiganja ni cha Lusajo wa Kyela." Akasema ataandika. Nikamwambia aandike mbele yangu. Akaandika, nikamwomba asome tena.

Alipomaliza kukaza skrubu, akalichomeka gitaa kwenye kispika kidogo, akanivalisha mkanda. "Wimbo mmoja, baba mdogo," akasema. "Ule wa mwanzo." Akina mama walikuwa wanatoa masinia, vijana wanaingiza viti vya plastiki kwa ajili ya ibada ya mchana, kila mtu anatafuta pa kukaa. Kidole changu kimoja cha kushoto msumeno ulikula nusu. Nilikosea mara mbili. Shingo haikukosea. Iliingia kiganjani ikajaa pale pale nilipoiacha, na nilipoachia mikono haikuinama.

Leo nina karakana ya matofali yenye mashine mbili za kuranda na moja ya kupasua. Nina mafundi sita. Nina nyumba ya vyumba vitano, milango yote nimeichonga mwenyewe. Nina ekari tatu za kakao na majaruba manne ya mpunga. Nina pikipiki moja, na ng'ombe wawili wa maziwa. Nina shingo moja ya gitaa la Kimarekani, imepinda, haina uso, iko juu ya kabati.

Ya kwangu iko Dar es Salaam. Inapigwa.